Mtaro Usifukiwe Leo

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na anawaza kuwa fundi bomba. Mama yake hataki hata majirani wasikie. Mimi sikubishana na yeyote. Jumamosi moja nilimpeleka Chamazi, kwenye nyumba ninayoijenga, nikamwambia akae tu amtazame fundi.

Tulimkuta mtaroni. Ardhi ya huku pembezoni mwa Temeke ni ya kichanga, ukichimba kingo zinakurudia. Alikuwa akilaza bomba la inchi 4 kutoka chooni hadi shimoni, kama mita 8. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, saidia fundi akashika ncha moja ukutani naye akashika nyingine kule shimoni. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko usawa mmoja, hata kama kona ya nyumba imewatenganisha walioshika. Kutoka usawa huo akashuka sentimita 20. Mpwa wangu akapiga hesabu: sentimita 2 na nusu kwa kila mita.

“Fundi, kwa nini usiliinamishe zaidi, uchafu ukimbie?”

“Dogo, yatakayokimbia ni maji. Uchafu utabaki.”

Nililitafakari jibu hilo hadi mchana. Bomba lililolala sana hutuamisha maji, lililoinama sana huachwa na maji likiwa bado na mzigo. Katikati kuna mwendo mmoja unaofaa, na ndio huo aliokuwa akiutafuta kwa mpira wa maji, akichota mchanga chini ya bomba kwa kiganja, akirudisha, akichota tena.

Ndani ya nyumba kazi ilibadilika, subira ikabaki ileile. Mabomba ya PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa. Mashine hufika nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 hukaa humo sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, kisha huingizwa kwenye elbo moja kwa moja bila kuzungushwa. Fundi alihesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Ukilichelewesha au kulisukuma mno, plastiki laini hujikunja ndani na kubana njia. Kwa nje kiungo kinapendeza, mwenye nyumba anakusifu, halafu maisha yake yote anaoga kwa maji ya kudondoka.

Na huku kwetu fundi bomba ana kazi ya ziada. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulianza mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976. Tangu hapo jiji la Dar es Salaam limetapakaa hadi Bunju na Mbagala, na nyumba nyingi zilitangulia, bomba likafuata. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ilitangaza mgao, na wenye simtanki ndio waliolala usingizi. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji mamlaka yake ndogo ya maji: tanki la chini, pampu, tanki la juu, na valvu ya kuzuia maji uliyoyahifadhi yasirudi bomba la mtaani linapokauka. Mnara wa mita 3 hutoa presha ndogo sana, maana mita 10 ndizo hufanya baa 1. Ndiyo maana fundi alishusha bomba nene kutoka juu na kukwepa kona zisizo na lazima. Kila elbo hupunguza kidogo kile kidogo kilichopo.

Anayetaka kusomea ufundi huu ana chuo cha VETA Chang'ombe, hapohapo Temeke. Aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA ujuzi wake ukarasimishwa, akapata cheti. Sikumficha kijana kwamba atafungua chemba zilizoziba, na kwamba mteja hununua koki rahisi kisha ikivuja lawama ni za fundi.

Saa kumi jioni vibarua walishika sepetu wafukie. Nami nilitaka wafukie, nisilipe siku nyingine.

“Bosi, mtaro usifukiwe leo,” fundi akasema. Akaziba bomba upande wa shimoni, akalijaza maji, akachora mstari kwa kalamu yalipofikia. Mabomba ya ndani nayo akayajaza, akafunga kila mahali. “Yalale hivyo.”

Kesho yake kazi ile ingekuwa chini ya mchanga na nyuma ya plasta, mahali ambapo hakuna jirani wa kuisifia wala mwenye nyumba wa kuikagua. Alijipa usiku mmoja wa kukaguliwa na maji yenyewe.

Asubuhi nilipofika, mpwa wangu alikuwa amenitangulia kwa daladala. Alikuwa amepiga magoti mtaroni, jicho kwenye mstari. Maji yalikuwa palepale. Fundi akampa sepetu.