Lami ya Sake, Mfereji Wetu wa Magurudumu

Niseme mapema, pumzi ikiwa bado juu: barabara ya Goma kwenda Sake ni uhondo mtupu! Ukitafuta mahali pa kuiachia baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba katika Kivu Kaskazini, usizunguke. Ni kilometa 25 hivi za kuelekea magharibi, Ziwa Kivu likiwa mkono wa kushoto, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira mkono wa kulia, na mwisho wa safari unapokelewa na soko lililoshuka kutoka vilima vya Masisi. Sisi watoto wa Murara, mtaa wa Goma, tumepita humo tangu utotoni, tukiwa tumebanwa ndani ya teksi au nyuma ya motard wa pikipiki, tukiwaza kufika tu. Safari hii nimeipita juu ya baiskeli ya barabara, mgongo umeinama, gia zikibadilika bila kelele, na nasema kwa kinywa kipana: tulikuwa tunakanyaga hazina.

Uzuri wake wa kwanza ni usawa. Septemba 2025 ulimwengu wote wa baiskeli ulihamia Kigali, mashindano ya dunia ya barabara yakafanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na tarehe 28 Tadej Pogačar akashinda mbio za wanaume za kilometa 267.5, mlima baada ya mlima. Tangu siku hiyo, ukimtajia mtu baiskeli upande wetu huu, anawaza kupanda na kutapika roho. Sake ni habari nyingine. Maji ya Kivu yako kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na barabara inalifuata ziwa kwa utii: inainuka kidogo, inashuka kidogo, inakuachia nafasi ya kushika mdundo na kwenda nao. Mapafu yanafanya kazi yake, macho nayo yanapata kula.

Wahispania wanayo njia ya namna hii, na wanaipenda. Inaitwa Canal de Castilla, mfereji wa kilometa 207 uliojengwa kati ya 1753 na 1849 katika uwanda wa Palencia, Valladolid na Burgos. Mashua za ngano zilivutwa na nyumbu waliotembea ukingoni. Biashara hiyo ikafifia, mwaka 1959 mfereji ukafungwa kwa mashua, lakini vijia vya nyumbu vikabaki, na leo waendesha baiskeli wanavifuata kutoka kijiji hadi kijiji. Habari hizo ndizo zilizonifungua akili juu ya barabara yetu. Njia tamu ya baiskeli haichorwi na mtalii, inachorwa na mbeba mzigo! Mwenye mzigo hatafuti mandhari. Anatafuta pale ambapo ardhi inamhurumia, na akishapapata, vizazi vinamfuata. Kule Castilla ilikuwa ngano na nyumbu. Kwetu ni viazi, mkaa, maharage na chukudu, chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo. Na sisi tumewazidi kwa jambo moja kubwa: nyumbu wao wamebaki katika historia, wenye chukudu wetu wako barabarani asubuhi hii.

Sasa tuingie njiani. Toka Murara saa kumi na mbili asubuhi, kabla Birere haijafurika watu wanaokimbilia mpaka wa Petite Barrière. Vichochoro vya mtaa ni mawe ya volkano, meusi na makali, kwa hiyo hapo usijifanye shujaa: beba baiskeli begani mpaka uione lami. Angalia kuta, ngazi na misingi ya nyumba unapopita. Yote ni lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto ukaukata mji katikati mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, na watu wakarudi wakajenga kwa jiwe lilelile lililowazika. Zipo nyumba ambazo ghorofa ya juu iligeuka kuwa ya chini. Hakuna mji mwingine ninaoujua ambao mwendesha baiskeli anaanza safari akiwa juu ya paa za jana.

Kisha Rond-point Chukudu! Sanamu ya dhahabu iliyozinduliwa mwaka 2009, mtu na chombo chake cha mbao, wakiwa wamepewa heshima ambayo miji mingine huwapa majenerali. Izunguke taratibu, kwa sababu hapo ndipo unapoelewa safari yote. Chukudu ni ndugu mkubwa wa baiskeli zetu: fremu ya mti mgumu, magurudumu ya mbao yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu, usukani mpana kama pembe za ng'ombe, na breki ya kipande cha raba kinachokandamizwa kwa mguu. Mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Injini hakuna, pedeli hakuna, na bado kinabeba mamia ya kilo. Ukiwa na baiskeli nyepesi ya aluminiamu halafu ukapishana na kijana aliyelaza magunia ya viazi juu ya mbao, unanyoosha mkono kumsalimu, na salamu hiyo inatoka moyoni.

Kutoka hapo hadi Katindo na Ndosho ni mji mtupu, nao una ladha yake. Motard wanapita kushoto na kulia, malori yanapumua moshi, wanafunzi wanavuka, mama mwenye beseni la mandazi anasimama hasa pale ulipopanga kupita. Hapa kuna sheria moja ya kushika: shika mstari wako, usiyumbe, onyesha kwa mkono unakotaka kwenda. Dereva wa Goma anaweza kumsoma mtu aliyetulia, ambaye hawezi kumsoma ni mwenye kusitasita. Lami ina mashimo ya hapa na pale, na kando yake kumelala changarawe nyeusi inayokata raba. Kaa nusu mita ndani ya barabara, uiachie changarawe ukingo wake.

Halafu, baada ya Ndosho, mji unaachia mkono. Kelele zinapungua, nyumba zinaachana, na Mugunga inafunguka mbele yako. Hapa nilipiga kelele peke yangu, na sioni haya kusema hivyo. Upande wa ziwa kuna vilima vidogo vya volkano vilivyokwisha kuzimika, na ndani ya kimoja yamo maji yanayoitwa Lac Vert, ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya kreta. Upande wa kulia, Nyiragongo inasimama na mita zake 3,470, moshi kichwani, na nyuma yake Nyamulagira, mpana na mpole kwa sura, ingawa ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi kuliko zote Afrika. Msitu unaouona miguuni mwao ni Virunga, mbuga ya taifa ya kwanza barani, iliyoanzishwa 1925. Unakanyaga pedeli pembeni mwa vyote hivyo bila tiketi!

Lakini sikiliza vizuri jambo hili, nalisema kwa uzito wote. Ukichoka, pumzika juu, penye upepo, karibu na watu. Usiteremke kwenye bonde dogo au shimo lililofichwa na majani ili kupata kivuli. Kati ya Goma na Sake ndiko kwenye mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hivyo inajikusanya mahali pa chini na kukaa hapo, hasa asubuhi ambapo upepo haujaamka. Imeua mbuzi, imeua ng'ombe, imeua watu. Wenyeji wanayajua mashimo hayo moja moja. Waulize, na wakikuambia usipite, geuza.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Barabara inaingia katika uwanda wa lava, na kila uwanda una tarehe yake. Nyamulagira ilianza kulipuka 1938 na haikunyamaza mpaka 1940, na mto wake wa moto ukasafiri mpaka ukalifikia ziwa karibu na Sake. Leo jiwe hilo limeota nyasi, limeota vichaka, na watu wanalima katika mifuko ya udongo iliyojikusanya kati ya miamba. Ukiwa ndani ya gari unaona weusi tu. Ukiwa juu ya baiskeli, kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa, unaona mikunjo ya jiwe lililoganda likiwa bado linatiririka. Canal de Castilla ilihitaji karibu karne nzima ya majembe. Hapa moto ulimwaga uwanda wake, kisha mbeba mzigo akapita juu yake.

Barabara hii pia imebeba mizigo mizito kuliko viazi. Mugunga ilipokea wakimbizi kutoka Rwanda mwaka 1994. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama Buhene, na siku chache baadaye amri ya kuhama ikatolewa. Maelfu kwa maelfu wakapita hapa kwa miguu kuelekea Sake, magodoro vichwani. Na vita vya 2024 na 2025 vilipita palepale, Sake ikiwa mstari wa mbele, kambi za waliohama zikiwa zimejaa pande zote mbili za lami. Kwa hiyo mtu anayeipita leo kwa starehe na aipite kwa adabu. Kabla ya kutoka, waulize motard na wenye chukudu hali ya njia ikoje siku hiyo. Wao ndio wenye habari za saa hii. Wakisema hapana, ni hapana. Usitoke nje ya lami kwenda vichakani, maana vita huacha vyuma ardhini. Kwenye vizuizi shuka, salimia, simu ibaki mfukoni.

Na sasa, Sake! Unaingia ukiwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kope, na vilima vya Masisi vinasimama mbele yako ghafla, vya kijani kibichi, vimepangwa mashamba na malisho. Ghuba ya Kabuno inalala kimya upande wa kusini, karibu ijitenge kabisa na ziwa kubwa. Sokoni kuna kabichi, ndizi, maharage, viazi, na ile jibini ya Masisi, duara la manjano linalotoshana na kofia, ambalo nalihesabu kuwa chakula bora cha mwendesha baiskeli katika Kongo yote: chumvi, mafuta na nguvu kwa kipande kimoja. Ukipata sambaza za kukaanga, zichukue. Samaki hao walitolewa Ziwa Tanganyika wakaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ziwa bila wao halifikiriki. Mama mmoja aliniona nikiangalia saa akaniambia, "Kula kwanza, papa, Goma haitakimbia." Nilikula makemba na sambaza, nikaongeza chai, na kila tonge lilikuwa na maana.

Kurudi ni safari nyingine kabisa. Jua liko juu, upepo wa ziwa umeamka na unakupiga ubavuni, na Nyiragongo sasa iko mbele yako kushoto, inakua kadiri unavyokanyaga. Wenye chukudu walioshiba mizigo wanaelekea mjini pamoja nawe, na hapo ndipo unapojifunza mwendo wa kweli. Hawakurupuki. Kwenye mteremko wanaachia, kwenye mwinuko wanashuka na kusukuma, wakipokezana kusaidiana. Nilikaa nyuma ya kundi lao kwa muda mrefu, nikajifunza kusoma barabara kuliko nilivyowahi kujifunza kwa mtu yeyote.

Kuhusu vifaa: tairi za milimita 28 au zaidi, usishuke chini ya hapo. Mipira miwili ya ndani, pampu, viraka, kiungo cha akiba cha mnyororo. Kitambaa cha kufunika pua, kwa ajili ya vumbi na moshi wa malori. Maji ya kutosha, kwa sababu lava inameza mvua yote na vijito njiani ni adimu. Koti jepesi pia, maana Kivu hubadilika ndani ya robo saa. Aliyezoea kuendesha kidogo atakwenda na kurudi ndani ya nusu siku bila kuteseka. Mwenye miguu ya mbio ataipiga kwenda na kurudi na bado ataomba tena.

Kwa wenye mji nina ombi moja, na naliomba kwa sauti: tengeni ukanda wa pembeni, uliofagiwa changarawe, kutoka Ndosho hadi Sake. Utengwe kwa ajili ya chukudu kwanza, kwa kuwa wao ndio walioichagua njia hii kwa magoti yao, na sisi wa tairi nyembamba tutapita nyuma yao kwa furaha. Wahispania walihifadhi kijia cha nyumbu baada ya nyumbu kuondoka. Sisi tunaweza kukihifadhi chetu wenye chukudu wakiwa bado wanakitumia, na hiyo ingekuwa njia ya baiskeli isiyo na mfano popote duniani.

Kijana wa Murara, wa Mapendo, wa Kahembe, na wewe dada wa Himbi ambaye baiskeli yako inaning'inia ukutani: jaza upepo leo jioni, uliza hali ya njia alfajiri, na uelekee magharibi. Sake inafikika, jibini ipo, na kutoka pale njia yangu inayofuata nimekwisha kuichagua: ile inayokunja kusini kuelekea Minova.