Atiq Rahimi na Gharama ya Kuhama Lugha

Tuzo ya Goncourt, iliyo kuu miongoni mwa tuzo za riwaya nchini Ufaransa, humletea mshindi hundi ya euro 10 tu. Mwezi wa Novemba 2008 hundi hiyo alikabidhiwa Atiq Rahimi, mzaliwa wa Kabul, kwa riwaya yake Syngué sabour. Kilichosherehekewa zaidi wakati ule ni kwamba kitabu hicho kilikuwa cha kwanza alichokiandika moja kwa moja kwa Kifaransa. Riwaya zake mbili zilizotangulia aliziandika kwa Kidari, yaani Kiajemi cha Afghanistan, zikafasiriwa na Sabrina Nouri kabla ya kuwafikia wasomaji wa Paris. Hivyo basi sifa kubwa ilimjia mwandishi huyu siku ile alipoacha kumhitaji mfasiri. Jambo hilo si dogo, wala halimhusu Rahimi peke yake. Kila mwandishi aliyeng'olewa kwao hufika mahali akaulizwa, au akajiuliza mwenyewe, ataendelea kuandika kwa lugha ipi, na kwa ajili ya nani.

Rahimi alizaliwa mwaka 1962. Alisoma katika skuli ya Esteqlal, mjini Kabul, ambako Kifaransa kilifundishwa, na kwa hiyo lugha aliyoihamia baadaye ilikuwa imekwisha kumbishia hodi tangu utotoni. Baba yake alikuwa mtumishi wa utawala wa kifalme, na mapinduzi ya 1973 yalipomwondoa Mfalme Zahir Shah, alitiwa gerezani. Yakafuata mapinduzi ya Wakomunisti mwaka 1978, na kuingia kwa jeshi la Kisovieti mwishoni mwa 1979. Mwaka 1984 kijana huyo alikimbilia Pakistan kwa miguu, akivuka milima yenye theluji. Mwaka uliofuata Ufaransa ikampa hifadhi. Alisoma Rouen, kisha Sorbonne, na fani aliyobobea ni sinema. Ndugu yake, aliyekuwa Mkomunisti, alibaki nyumbani na akauawa mwaka 1989. Habari za msiba zilimfikia Rahimi baada ya muda mrefu kupita, marehemu akiwa amekwisha kuzikwa na matanga yamekwisha kuanuliwa.

Msiba huo wa mbali, ambao mfiwa hakupata hata kuutilia udongo, ndio unaosikika katika kitabu chake cha kwanza, Khakestar-o-khak, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2000 kwa jina la Terre et cendres. Khakestar ni majivu. Khak ni udongo, neno lile lile lililozaa kaki, rangi ya sare inayojulikana na kila Mswahili. Hadithi yenyewe ni nyembamba mno. Mzee Dastaguir ameketi kando ya daraja pamoja na mjukuu wake Yassin, akingoja gari la kumchukua hadi machimbo ya makaa ya mawe ambako mwanawe Murad anafanya kazi. Kijiji chao kimeteketezwa na Warusi, na watu wa nyumba ile wamekufa. Mzee amebeba habari hizo na hajui kwa kinywa gani atazitamka. Mtoto ameziba masikio kwa mshindo wa mabomu, lakini hajui kwamba kiziwi ni yeye. Anaamini kuwa vifaru vimekuja kuchukua sauti za watu, na anashangaa kwa nini babu yake amekubali kunyang'anywa ya kwake.

Ni vigumu kutaja katika fasihi ya vita ya miongo hii taswira iliyo sahili na kali kuliko hiyo. Rahimi hakuieleza wala hakuirembesha. Ameiacha kinywani mwa mtoto ikafanya kazi yake. Isitoshe, kitabu kizima kimesimuliwa kwa nafsi ya pili. Mzee haitwi "yeye" wala hasemi "mimi", bali anasemeshwa, kana kwamba amegawanyika sehemu mbili na moja inaiongoza nyenzake ili isianguke. Katika Kiswahili mzigo huo ungebebwa na kiambishi kimoja tu, "u-", kinachotangulia kila kitendo mithili ya pigo la ngoma ya mbali. Mwisho wa safari mzee anaondoka machimboni pasi na kumtia mwanawe machoni, akimwachia kijaluba chake cha tumbaku. Hakuna hotuba, na kilio hakisikiki. Mwaka 2004 Rahimi mwenyewe alikigeuza kitabu hicho kuwa filamu, ikaonyeshwa Cannes na kutunukiwa huko. Filamu ni nzuri, lakini "u-" ile haimo, kwani kamera haina nafsi ya pili.

Riwaya iliyofuata, ya 2002, inamhusu Farhad, mwanafunzi anayepigwa na askari usiku katika Kabul ya 1979 na kuzinduka katika nyumba ya mwanamke asiyemjua. Ina kurasa za kupendeza, hasa pale fahamu zinapokuwa zinamrudia Farhad nusu nusu, lakini njozi zimeachwa zikatawala hadi msomaji akachoka kuuliza kipi ni kipi.

Kisha ikaja Syngué sabour. Jina hilo ni la Kiajemi, sang-e sabur. Sang ni jiwe, na sabur haimhitaji mkalimani kwa sikio la Mswahili aliyezoea kusema subira na saburi. Ni jiwe la ngano ambalo mtu huliweka mbele yake na kuliambia dhiki zake zote, nalo husikiliza na kumeza, hadi siku linapopasuka na mwenye dhiki akafunguka. Jiwe la Rahimi ni mume. Mpiganaji mwenye risasi shingoni amelala chumbani, yu hai lakini hana fahamu, na mkewe anamuuguza, akihesabu pumzi zake pamoja na punje za tasbihi. Kidogo kidogo mke anaanza kusema. Anasema habari za harusi iliyofungwa bwana harusi akiwa vitani, kisha za mwili wake na hamu zake, na hatimaye siri ya watoto aliowazaa. Kitabu kimetungwa kwa kumbukumbu ya Nadia Anjuman, mshairi kijana wa Herat aliyefariki mwezi wa Novemba 2005 baada ya kupigwa na mumewe.

Rahimi ameeleza kwamba asingeweza kuyaandika hayo kwa Kidari. Lugha ya mama, kwa maoni yake, humjia mtu pamoja na makatazo yake, ilhali Kifaransa kilimwachia uhuru wa kuutaja mwili. Maelezo hayo yana ukweli, na anayejua namna maneno fulani yanavyogoma kutoka mbele ya wazee hatayabeza. Hata hivyo, uhuru huo una upande wa pili. Neno lililokatazwa lina uzito kwa sababu limekatazwa. Likitamkwa katika lugha ambayo halijapata kuzuiliwa ndani yake, hutoka jepesi. Mwanamke wa riwaya hii anavunja miiko mikubwa, lakini anaivunja mbele ya hadhira ya Paris ambayo tangu zamani haina miiko hiyo. Ndiyo maana kuanzia katikati maneno yake yanafanana na ya mtu aliye jukwaani, kila siri ikipangwa kuwa kubwa kuliko iliyotangulia, hadi mwisho wa damu ambao msomaji mzoefu anauona ukija kutoka mbali. Isitoshe, mwanzoni kabisa kitabu kinatangaza kuwa mahali pake huenda ni Afghanistan na huenda ni kwengineko. Dastaguir hakuhitaji ruhusa hiyo. Alikuwa kando ya daraja lake, na ulimwengu ukamfuata pale pale.

Pamoja na hayo, kuna hila moja katika Syngué sabour ambayo ni ya fundi wa kweli. Jicho la msimulizi halitoki chumbani. Mwanamke anapotoka, msomaji habebwi pamoja naye. Anabaki na mgonjwa, nzi na tone la dripu, akisikiliza milio ya bunduki nje na kungoja hatua za miguu ukumbini. Hapo sinema imeifaa riwaya kuliko riwaya ilivyopata kuifaa sinema.

Watu wengi humlinganisha Rahimi na Khaled Hosseini, aliyezaliwa Kabul mwaka 1965, akawa daktari huko California na kutoa The Kite Runner kwa Kiingereza mwaka 2003. Ulinganisho huo una faida ndogo. Hosseini ni msimuliaji wa baraza: anamshika mgeni mkono, anamweleza historia, anamliza, na hakuna aibu katika kazi hiyo. Rahimi hamwelezi mtu. Anamtaka msomaji akae kimya karibu na asiyejua la kusema.

Kimya hicho kinarudi kwa sura nyingine katika Maudit soit Dostoïevski, ya 2011. Rassoul anamuua kikongwe kwa shoka mjini Kabul, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kabla hajamaliza anakumbuka kitabu cha Mrusi alichokisoma. Maiti inatoweka, naye muuaji anapotewa na sauti. Anautafuta mji mzima hakimu wa kumhukumu, lakini katika mji ambao wauaji ni wengi kuliko waokaji mikate hakuna anayeiona hoja yake. Aliyemaliza kusoma Syngué sabour na kuridhika nayo angefaa asome hiki, kwani hapa Kifaransa cha Rahimi kimepata jambo la kufanya ambalo Kidari kisingelifanya vyema zaidi. Kinabeba mzaha mweusi, na kinamruhusu Mwafghani kugombana na Mrusi ndani ya fasihi baada ya kugombana naye kwa mizinga.

Mwaka 2015 alitoa La Ballade du calame, juu ya uhamisho na mwandiko. Calame ni kalamu, neno lililosafiri pande zote na kufika kila mahali likiwa na ufunguo wake. Anasimulia humo jinsi alivyogeuka mpakani kuitazama nchi yake kwa mara ya mwisho akaona theluji na nyayo zake tu, na mbele yake weupe mtupu kama karatasi. Taliban walipoiteka tena Kabul mwezi wa Agosti 2021, nchi aliyokuwa ameanza kurudi kuitembelea tangu 2002 ilifungwa upya.

Iliyobaki kutajwa ni filamu ya Notre-Dame du Nil, ya 2019, aliyoitoa katika riwaya ya Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda aandikaye naye kwa Kifaransa. Ni habari za wasichana wa skuli ya bweni ya kikatoliki milimani, mwaka 1973, chuki ya kikabila inapoanza kuota mabwenini. Filamu ilipigwa Rwanda kwenyewe, na wasichana wanachanganya Kifaransa cha darasani na Kinyarwanda cha nje ya darasa. Rahimi hajui Kinyarwanda, na pengine ndiyo sababu ameiacha lugha hiyo ipumue. Wasichana wanapocheka ndani yake, kamera inasogea nyuma kidogo na kungoja.