Mlo Usio na Gluteni wala Maziwa: Istilahi za Waraka Mmoja wa Songea

Waraka ninaokusudia kuuhakiki hapa ni mfupi. Una kurasa 4, umepigwa chapa kwenye karatasi za kawaida, na haukutiwa jina la mfasiri wala la aliyeutoa. Niliupata Songea mjini, mikononi mwa mama mmoja wa Lizaboni mwenye mtoto wa miaka 7. Walimu wa mtoto huyo walikuwa wamelalamika kwamba hatulii darasani, haanzi kazi akaimaliza, na daftari huliacha popote alipo. Waraka unamshauri mzazi wa mtoto wa namna hiyo amwondolee vyakula vyenye gluteni na maziwa. Mama aliufuata kwa uaminifu wiki 6. Mwisho wake mtoto alikuwa amekonda, na kila asubuhi alikuwa bado akila maandazi. Nilijiuliza jambo hilo liliwezekanaje, na jibu nikalikuta katika Kiswahili cha waraka wenyewe.

Tuanze na gluteni, neno ambalo mfasiri hakulitumia hata mara moja. Mahali pake aliandika "mnato wa nafaka". Yafaa ieleweke kwamba mnato ni istilahi iliyokwisha kupewa kazi katika fizikia, nayo hutaja ule uzito wa kimiminika unaokifanya kitiririke polepole. Lakini hilo ni kosa la ofisini tu. Kosa lililomfikia mtoto ni jingine. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, ulezi wala muhogo. Sasa mtu wa Songea akisoma "nafaka" huona mahindi kwanza, kwa kuwa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa kwa zao hilo, hali ngano kwake ni kitu cha dukani. Akisoma "mnato" huona bamia, na ugali wa muhogo. Basi mama aliondoa ugali wa mahindi, akaondoa ugali wa muhogo, akaondoa bamia, vyote visivyo na gluteni hata chembe, akayaacha maandazi kwa sababu hayanati mkononi. Hakukosea. Alitii maneno aliyopewa.

Wapo watakaosema kwamba mfasiri alifuata utaratibu wetu wa kutafuta neno katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kukopa ng'ambo. Utaratibu huo nauheshimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuutumia. Hata hivyo, neno geni lisilo na maana yoyote kichwani mwa msomaji ni salama kuliko neno la nyumbani lililokwisha kujaa maana nyingine, kwani lile geni humlazimu aulize. Napendekeza tuseme gluteni, na ufafanuzi uchukuliwe jikoni: ni ile protini inayolifanya donge la unga wa chapati livutike bila kukatika. Yeyote aliyewahi kusukuma chapati anaijua sifa hiyo, na anajua pia kwamba unga wa mahindi hauna sifa hiyo. Kuvutika ndiko kunakotofautisha, kunata kunapoteza.

Neno la pili ni kimea. Katika orodha ya vitu vya kuepukwa waraka umeandika "kimea na vinywaji vyake". Huko ulikoandikwa kwanza, kimea maana yake ni shayiri iliyooteshwa, na shayiri ina gluteni. Kwa wenyeji wa Songea kimea ni cha ulezi, nacho ndicho kinachotiwa katika togwa. Kamusi haikumdanganya mfasiri, maana neno ni lile lile. Kilichobadilika ni punje iliyooteshwa. Ilitosha kuandika "kimea cha shayiri". Kwa kukosa neno moja, mtoto alinyimwa togwa. Wakati huo huo orodha haikutaja unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa na ngano, na ambao mama mwenye mtoto aliyekonda huukimbilia kwanza.

Kuhusu maziwa nitasema kwa ufupi. Ukurasa wa 2 unakataza "sukari ya maziwa", na ukurasa wa 3 "protini ya maziwa", kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ni laktosi, ambayo hupungua maziwa yakiganda. Ya pili ni kasini, ambayo hubaki katika mtindi kama ilivyokuwa. Mlo unaozungumziwa unakataza kasini. Halafu kuna "siagi za aina zote". Siagi ya karanga haina maziwa, lakini jina lake limeihukumu. Na "maziwa ya aina zote" hayakutenga maziwa ya mama, jambo la hatari katika nyumba yenye mtoto mchanga. Anayekataza maziwa aseme pia kitakachoshika mahali pake; kwa upande wa madini ya kalsiamu, usipa wa Ziwa Nyasa unaoliwa na mifupa yake ungetajwa bila gharama yoyote.

Nimeacha kichwa cha waraka kwa makusudi, kwa sababu ndicho kilichoniudhi zaidi: "Mtoto Mwenye Upungufu wa Usikivu". Mtoto msikivu kwa Kiswahili ni mtoto anayetii. Aliyepungukiwa na usikivu, basi, ni mkaidi, au labda masikio yake ni mabovu. Mama aliniambia kwamba mwalimu alipoonyeshwa kichwa hicho alijibu kuwa upungufu huo dawa yake anayo, na sote twajua dawa hiyo huchumwa mtini. Dhana inayokusudiwa ni uwezo wa kuielekeza akili kwenye jambo moja na kuishikilia hapo, nao twauita umakini. "Upungufu wa umakini" si istilahi tamu, lakini haimtii mtoto hatiani. Vivyo hivyo ningeepuka "utundu", ingawa wengi wanaupenda. Fundi akiitwa mtundu amesifiwa. Mtoto akiitwa mtundu mbele ya mwalimu mkuu, hakusifiwa.

Limebaki jambo ambalo si la msamiati bali la sarufi. Waraka unasema: "Mlo huu huponya utundu." Kiambishi hu- hutaja lililo kawaida, kama tusemapo jua huchomoza mashariki. Lakini hali ya elimu yenyewe sivyo ilivyo. Madhara ya gluteni yaliyothibitishwa ni ya ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliihusisha ngano na ugonjwa huo, akaeleza uchunguzi wake katika tasnifu ya mwaka 1950. Kuhusu umakini, majaribio hayajathibitisha kwamba kuondoa gluteni na maziwa kunautibu. Aidha, mtoto anayeshukiwa kuwa na siliaki hapaswi kuachishwa ngano kabla ya kupimwa, kwani kipimo cha damu chaweza kukosa dalili. Kiswahili kina "huenda", kina "yawezekana", kina "-weza kusaidia baadhi yao". Mfasiri aliyeliacha shaka la asili akaweka hu- amebadili maana kuliko aliyekosea jina la nafaka.

Jambo moja sijalimaliza. Jina kimea linahitaji kugawanywa, na nisingependa Baraza liligawe kutoka mezani. Wasomaji wa Mbinga, Namtumbo na Tunduru ningewaomba watuletee majina yatumikayo kwao kwa ulezi uliooteshwa, na kwa mahindi yaliyooteshwa kama hayo nayo yana jina lake, tuyapime kabla ya orodha ijayo ya istilahi za lishe.