Okestra ya Kinshasa na Swali Juu ya Uimbaji Wetu

Filamu Kinshasa Symphony ya Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer, iliyotoka mwaka 2010, yahusu okestra iliyozaliwa kanisani. Kwa sababu hiyo yawapasa watumishi wa Neno kuipima, wala si wapenzi wa muziki peke yao.

Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule mhubiri aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 akafia kifungoni mwaka 1951. Diangienda alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Aliwakusanya waumini ambao wengi wao hawakujua kusoma noti. Fidla chache zilipigwa kwa zamu, na uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulishika nafasi yake. Hatimaye waliimudu Simfonia ya Tisa ya Beethoven.

Sifa ya filamu hii ni kwamba yaonyesha jasho la mazoezi, hata umeme unapokatika. Kasoro yake ni kustaajabia mno Beethoven kupigwa katikati ya umaskini, kana kwamba kuifikia Ulaya ndicho kipimo. Kanisa la Kimbangu, lenye desturi ya muda mrefu ya kwaya na bendi za tarumbeta, laguswa juu juu tu. Nalo ndilo lililowalea wapigaji hao.

Hatukubaliani na mafundisho ya kanisa hilo juu ya nafsi ya Simon Kimbangu. Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba katika jambo hili wametutangulia sisi, watoto wa Luther, aliyeuweka muziki karibu kabisa na theolojia. Huku kwetu Majengo, Sumbawanga, tumeona jinsi fedha za kwaya zinavyoishia katika kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutengenezwa, huku vijana wasifundishwe noti hata moja. Kinanda kikiharibika, uimbaji nao hulegea.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, aunganisha roho na akili katika kuimba. Basi na tuanze hapa chuoni: asitoke mwanafunzi kwenda usharikani asiyeweza kusoma noti na kumfundisha mwingine. Kwa hilo hatuhitaji okestra. Twahitaji ubao, chaki na jioni mbili kila juma.