Mchawi Akikaa Mezani Mlali

Kicheko cha mchawi kina kazi yake. Katika Advanced Player's Guide, kitabu cha kanuni za mchezo wa Pathfinder kilichotolewa na kampuni ya Paizo mwaka 2010, mchezaji aliyechagua kuwa mchawi anaweza kumtupia adui jicho la husuda, na adui akapungukiwa alama 2 katika jambo moja, kama vile kupiga, kujikinga au kuhimili madhara. Husuda hiyo hudumu mizunguko michache tu. Mchawi akicheka, inaongezewa mzunguko mmoja. Akicheka tena, mwingine. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima na heshima zake, mhasibu pengine, kila zamu yake ikifika anatangaza, "Nacheka." Na kicheko si cha bure: kinakula nafasi ambayo angeitumia kusogea, kwa hiyo anayecheka amebaki pale pale adui anapomwona. Kikongwe wa hadithi za Ulaya, na mlio wake ule, amegeuzwa hesabu ya faida na gharama. Kwa ufundi wa kutunga kanuni, hilo ni goli.

Kwa asiyeijua michezo hii: huchezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Watu wanne au watano, kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mmoja wao, msimulizi, anaendesha dunia nzima pamoja na viumbe wote waliobaki. Mkongwe wa michezo hiyo ni Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Anayeamua nani atakuwa shujaa na nani atakuwa windo ni kanuni, wala si hadithi.

Kwa muda mrefu mchawi alikuwa upande wa msimulizi. Gazeti la Dragon, lililokuwa likiandikia wachezaji wa mchezo huo mkongwe, lilimchapisha mwaka 1980 na kumrudia mwaka 1986, mara zote mbili akiwa mhusika wa kuchezeshwa na msimulizi. Kumvusha aje upande wa wachezaji kulitaka apunguziwe uovu bila kuondolewa ladha, na watu wa Paizo walifanya hivyo kwa njia mbili zilizosukwa pamoja. Uovu waliuhamisha: nguvu za mchawi wao zinatoka kwa mkubwa asiyeonekana, ambaye hata mchawi mwenyewe huenda hamjui, na elimu yake yote imehifadhiwa ndani ya mnyama anayemfuga. Mnyama akifa, mchawi hawezi kuandaa uchawi mpya mpaka apate mwingine. Halafu, katika orodha ile ile yenye husuda na nuksi, wakapenyeza uponyaji, mgonjwa mmoja mara moja kwa saa 24. Dungeons & Dragons ya mwaka 2014 ilipita njia jirani: mhusika wake aitwaye Warlock ana mkataba na mkubwa wa aina mojawapo kati ya tatu, na lawama za mkataba zinabaki kwa mkubwa.

Safi kabisa. Ila mpeleke mhusika huyo Mlali uone.

Mlali iko wilayani Mvomero, mkoani Morogoro, kwenye nyayo za Uluguru upande wa magharibi. Ukiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unaipita kabla gari halijaanza kupanda kwenda Mgeta. Nyanya za huko hushuka sokoni kwa matenga. Sasa mtu mwenye mkubwa wa kiroho anayemtumikia, mwenye dawa na mnyama, anayetibu watu mchana kweupe na kupokea ujira, pale Mlali ni mganga. Tena anaweza kuwa na cheti ukutani, maana ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na lipo baraza linalosajili. Milima hiyo hiyo ina pango la Kolelo, ambako hata watu wa Uzaramo walipanda kuomba mvua. Aliyesimamia mashauri ya pale hakuhesabiwa mchawi. Kwa hiyo waliomsafisha mchawi ili achezeke walimsafisha mpaka akawa mtu mwingine, ambaye sisi tulikuwa naye tayari.

Mchawi wa Mlali hana karatasi yake. Mdudu kantangaze amekula nyanya za mtaa mzima, lakini mama mmoja anajaza matenga: si bure huyo, analimiwa usiku na misukule. Muuza duka anahesabu mauzo jioni, noti hazifiki: kapita mtu na chuma ulete. Hawa wanaotajwa hawajaonekana wakifanya lolote. Uchawi wao umo vinywani mwa waliokosa, na kanuni inayouandika kwenye safu ya uwezo wa mtajwa, nguvu 16, akili 18, imeanzia mwisho usio wake.

Waliojaribu kuileta Afrika mezani hawakuligusa jambo hili. Spears of the Dawn ya Kevin Crawford, mwaka 2013, ina fani nne za wahusika, na mojawapo ni nganga, anayekaa pamoja na griot, marabout na shujaa wa vita. Ni kazi ya heshima, imetungwa zaidi kwa kuangalia falme za Afrika Magharibi, lakini nganga wake ni mtu anayejulikana kuwa na nguvu na anayezitumia waziwazi. The Mwangi Expanse ya Paizo, mwaka 2021 (jina ambalo ukiliita kwa sauti kwenye matatu ya Nairobi watageuka watatu), ina chuo cha Magaambya, ambako uchawi hufundishwa na walimu kwa wanafunzi wanaopanda ngazi. Napenda kuusoma. Lakini uchawi wenye mahafali umekwisha kuwa elimu.

Aliyekaribia zaidi alikaribia bila kuifikiria Afrika. Ars Magica, ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, mwaka 1987, inahusu wachawi wa Ulaya ya zama za kati, na ndani yake wenye kipaji cha uchawi wana kasoro moja ya kudumu: watu wa kawaida hawawaamini. Toleo la tano la mwaka 2004 limeiwekea namba. Mchawi akijadiliana bei, akiomba malazi, akijitetea mbele ya mzee wa kijiji, anakatwa alama 3 kabla dadu halijatua. Mwenye kipaji kinachojionyesha mno anakatwa 6. Hajafanya kitu. Ameingia tu, mbwa wamebweka, mama kavuta mtoto. Hapa kanuni imekaa machoni pa jirani, ndipo panapostahili. Kilichobaki ni hatua moja ambayo Ars Magica haikuichukua: alama 3 zikatwe hata kwa mtu asiye na kipaji chochote, kwa sababu ametajwa.

Kanuni ya hatua hiyo haihitaji kubuniwa upya. Katika mkoa huu huu wa Morogoro, kule Ulanga, kijiji cha Ihowanja, Bibi Kalembwana alipata sifa kwa kuwanyoa watuhumiwa wa uchawi na kuwapa dawa ya kuzima nguvu zao. Maia Green na Simeon Mesaki waliiandika shughuli hiyo katika makala ya mwaka 2005, na wanaeleza kuwa watu waliipa jina la saluni. Alikwenda mtuhumiwa na ndugu zake, na huyo aliyetuhumu pia, naye alinyolewa. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha nani alikuwa mchawi kweli, kwa kuwa wembe ulipita kwenye vichwa vyote viwili na wote walirudi kijijini.

Linganisha na Mafia, mchezo wa siri alioubuni Dimitry Davidoff huko Moscow mwaka 1986, ambao vijana wengi wa vyuo wanaujua kwa sura moja au nyingine. Kule kundi linapiga kura, anayetajwa anatolewa, na mara nyingi karatasi yake hufunuliwa kwa wote. Burudani ni nzuri, lakini tuhuma inapata jibu na aliyekosewa ameshatoka, anakaa pembeni anakula karanga. Kwa utaratibu wa Ihowanja mtajwa anabaki mchezoni, karatasi haifunuliwi kamwe, na aliyetaja analipa. Kwa mtunzi wa mchezo hii ni dhahabu, maana kila mchezaji anafikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Mezani ingekuwa hivi, mchezaji wa kwanza akiwa kijana aliyetumwa, wa pili akiwa bibi mwenye nyanya:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona usiku?"

"Nimetumwa na mwenyekiti wa kitongoji. Keshokutwa kuna safari ya Ulanga."

"Na aliyenitaja?"

"Naye anakwenda."

"Basi mwambie nauli yake asije akanidai mimi."

Dadu halijarushwa, na tayari kuna watu wawili wenye la kupoteza. Dadu nalibakiza kwenye ramli. Mganga wa mezani akipiga ramli, dadu lake litoe jina kila mara, hata pale ambapo msimulizi hakumgawia yeyote karatasi ya uchawi. Ndivyo inavyofanya kazi ramli chonganishi, ile ambayo Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapigaji wake Januari 2015. Na kwa wachezaji wasiotaka saluni ipo njia nyingine, iliyoandikwa na Waingereza: sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo vitabuni, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mshukiwa akaishi mahali pengine. Mezani, mhusika aliyehamishwa anapoteza shamba. Kwa kijiji cha wakulima, hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote zilizomo kwenye mchezo, na iandikwe hivyo.

Lipo suala la michoro. Mchawi wa vitabu vya Pathfinder, Feiya, amechorwa msichana mwenye mbweha wake, na nawasifu kwa kumkwepa kikongwe. Usukumani akina bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo waliyapata kwa miaka ya kupikia jikoni penye moshi. Mchezo utakaomchora mchawi kwa sura utakuwa umeungana na ramli. Kwa hiyo karatasi ya mhusika ninayoipendekeza haina safu ya umri wala ya sura. Ina safu ya ukoo, wa upande wa mama kama Waluguru wanavyohesabu, kwa kuwa ardhi hupita huko na ugomvi wa mjomba na mpwa huanzia huko. Ina safu ya mpaka: shamba lako limepakana na la nani. Na ina safu ya madeni, inayojazwa kwa penseli, kwa sababu itafutwa na kuandikwa upya kila mavuno.