Ukurasa wa Nane Hukaa na wa Kwanza

Kijitabu cha mazishi cha kurasa 8 hutoka kwenye karatasi 2 tu za A4. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, na wa 2 na wa 7 upande wa pili. Ya ndani hubeba wa 6 na wa 3, na mgongoni mwake wa 4 na wa 5. Zipandanishe, zikunje katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo, na kila kitu kitakaa mahali pake: picha ya marehemu mbele, wasifu na ratiba ya ibada ndani, shukrani za familia nyuma. Jumlisha namba za kurasa zinazolala ubavu kwa ubavu na utapata 9 kila mara. Kijitabu cha kurasa 16 kitakupa 17. Hesabu hii walikuwa nayo wapiga chapa zamani sana kabla ya kompyuta, na leo imefichwa ndani ya draiva, programu inayoiendesha printa, nyuma ya kitufe cha kijitabu ambacho wengi wetu hatujawahi kukibonyeza.

Anayekibonyeza kila wiki ni mhudumu wa saiba, lile duka la intaneti na kuchapa. Nchini Kenya mazishi mengi huangukia Ijumaa au Jumamosi, na basi la kutoka mjini kwenda nyumbani mara nyingi huondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa hiyo kazi humfikia jioni, kwa WhatsApp, ikiwa haijakamilika, huku jamaa watatu wamesimama nyuma ya kiti chake wakibishana kuhusu jina la pili la babu. Mimi hutazama mikono yake. Haikimbilii kitufe cha kuchapa. Hufungua kwanza dirisha la mipangilio, na asilimia kubwa ya ufundi wake huishia humo kabla karatasi hata moja haijasogea.

Huanza na ukubwa wa karatasi. Wasifu wakati mwingine umeandikwa na mtoto aliye Marekani, na kompyuta za huko hutumia karatasi ya Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. A4 yetu ni 210 kwa 297, nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Faili hiyo ikipelekwa kama ilivyo, kuna printa zitakazogoma na kuwasha taa zikidai karatasi ambayo saiba haina, na kuna zitakazochapa tu huku zikikata ncha za mistari. Mjuzi habishani na mashine. Hubadilisha ukubwa ndani ya faili yenyewe ili maneno yajipange upya. Akiwa amepewa PDF, huiagiza draiva iubane ukurasa uingie A4, kama asilimia 97 hivi, na hakuna mwombolezaji atakayetambua.

Upunguzaji unaofuata ndio wenye hila. A4 ikikatwa katikati huzaa A5, na umbo halibadiliki, kwa sababu urefu wake ni upana mara 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Mwanasayansi Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliizungumzia sifa hiyo katika barua ya mwaka 1786. Ujerumani iliifanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1922 kwa kazi ya Walter Porstmann, na ISO 216 ikafuata mwaka 1975. Ndiyo maana ukurasa mzima wa A4 huingia kwenye nusu karatasi bila kuvutwa wala kubakiza nafasi, kwa asilimia 71. Shida ni kwamba herufi nazo hushuka kwa kiasi hicho hicho. Saizi ya 12 inakuwa kama 8 na nusu, na wasomaji wa kijitabu hiki ni wazee waliokaa chini ya hema, wengine wameacha miwani nyumbani. Mhudumu mwenye haraka hupandisha herufi hadi 16 kwenye A4 ili zishuke hadi 11 na ushei. Mwenye kuipenda kazi huuweka ukurasa kuwa A5 tangu kwenye programu ya kuandikia, akachagua herufi za 11 au 12, na draiva ikabaki na kazi ya kupanga tu. Matokeo yanakaribiana, lakini mimi nampigia kura huyu wa pili: anachokiona mteja kwenye skrini ndicho atakachokishika.

Halafu kuna suala la nani apange. Programu ya kusomea PDF ina kitufe chake cha kijitabu, na draiva ina chake. Ukiviwasha vyote viwili, programu itapanga kurasa mbilimbili, kisha draiva itazichukua zikiwa zimeshapangwa na kuzipanga upya, na utaletewa kurasa 4 ndogo upande mmoja kwa utaratibu ambao hakuna mkunjo utakaouokoa. Fundi huchagua mmoja na kumnyamazisha mwingine. Tena anajua mabadiliko yake yatadumu kwa muda gani. Kwenye Windows, mengi yanayobadilishwa ndani ya dirisha la kuchapa husahaulika programu ikifungwa, lakini yanayobadilishwa kwenye mipangilio ya printa yenyewe hubaki, na kijana anayekuja baadaye kuchapa barua ya kuomba kazi atakabidhiwa barua iliyolala nusu karatasi. Kwa hiyo mpangilio wa kijitabu huhifadhiwa peke yake kwa jina la kueleweka, tuseme Matanga, na ule wa kawaida haugusi.

Kugeuza karatasi ndiko kunakoniongezea heshima kwake. Barua ya wima iliyochapwa pande mbili hugeuzwa kwa ukingo mrefu. Karatasi ya kijitabu imelala, hivyo hugeuzwa kwa ukingo mfupi, la sivyo ukurasa wa 2 utasimama kichwa chini. Draiva ikipanga kijitabu yenyewe hulijua hilo. Programu ikipanga, ni wewe wa kuchagua. Na printa isiyogeuza yenyewe humrudishia binadamu kazi hiyo: uchape pande za mbele zote, uchukue rundo, ulirudishe kwenye trei. Kwa uso upi, na kichwa kikielekea wapi? Kila aina ya printa ina jibu lake, na kubahatisha hugharimu karatasi na tona. Mjuzi huchora msalaba mdogo wa penseli kwenye kona ya karatasi tupu, huiweka kwenye trei msalaba ukitazama juu, huchapa ukurasa mmoja, kisha huangalia alama imetua wapi ukilinganisha na maandishi. Jibu analibandika ubavuni mwa printa. Nimeona vibandiko vya namna hiyo vimechakaa hadi wino kufifia, na bado vinasema kweli.

Jalada lina mambo yake. Likichapwa kwenye karatasi nene, lazima draiva iambiwe ni nene, kwa sababu printa ya leza huyeyusha tona kwa joto na kuigandamiza. Ikidhani karatasi ni nyepesi, haiipi joto la kutosha, na tona hubanduka hasa pale kwenye mkunjo. Ukingoni, printa nyingi za leza haziwezi kuchapa milimita kama 4 za mwisho. Anayejua hilo haisukumi picha hadi pembeni ikatoke na mstari mweupe usio sawa; huiwekea pambizo pana ya makusudi, ionekane ni fremu. Na kitufe cha kubana tona, kinachofaa sana kwa rasimu, huzimwa. Huu si wakati wa kumfifisha mtu. Picha za nyuso nyeusi, ambazo leza hupenda kuzizamisha gizani, hupandishwa mwanga kidogo kwanza, na nakala moja hutolewa kwa majaribio kabla ya 200 kuanza.

Kisha kuna kurasa zinazobaki. Karatasi ikikunjwa huzaa kurasa 4, hakuna namna, kwa hiyo familia iliyoleta kurasa 9 italipia 12. Draiva haisemi neno, hujaza tupu. Mhudumu husema: "Mama, hapa tumebaki na kurasa tatu hazina kitu. Tuweke nyimbo, au mna picha zaidi?" Mara nyingine yeye ndiye hupunguza nafasi kati ya aya mpaka ukurasa wa 9 uishe kabisa, nao wakaokoa karatasi moja kwa kila nakala.

Ufundi wa juu zaidi, kwa maoni yangu, ni kujua kurasa zipi ni ndugu. Kwenye kijitabu cha kurasa 8, kurasa za 4 na 5 ndizo pekee zinazofuatana kwenye upande mmoja wa karatasi, kwa hiyo picha pana ya ukoo mzima huwekwa hapo, ipite juu ya mkunjo bila kupishana. Karatasi ya nje, yenye kurasa za 8, 1, 2 na 7, ndiyo nene na ya rangi, yaani ndiyo ghali. Ya ndani ni ya kawaida, ya tona nyeusi tupu. Na orodha ya wake, watoto na wajukuu, ambayo hakuna msiba isipozua jina lililosahaulika, mhudumu mzoefu huiweka ukurasa wa 3 au wa 6. Jina likikosekana baada ya kuchapa, karatasi ya ndani peke yake ndiyo hurudiwa, na majalada 200 yaliyokwisha kutoka hayaguswi. Pini hazipigwi mpaka shangazi asome.