Uwezo au Mzigo? Tahakiki ya Fahirisi ya Uwezeshaji wa Wanawake katika Kilimo

Insha hii inahakiki kipimo ambacho baadhi yetu tumekisoma darasani na wachache tumekitumia shambani: Fahirisi ya Uwezeshaji wa Wanawake katika Kilimo. Mimi nilikisoma kwanza, kisha nikakitumia. Wakati wa likizo moja nilipata kibarua cha kukusanya data katika vijiji vya Masaka, kusini mwa Uganda, kwa mradi wa kilimo ambao hojaji yake ilitokana na fahirisi hii. Nilikwenda nikiwa na imani nacho. Nilirudi nikiwa na shaka, na shaka hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Dai langu ni kwamba kipimo hiki kinajua kuuliza nani anaamua, lakini hakijui kuuliza kama anayeamua angeweza kuutua uamuzi huo. Kwa sababu hiyo, kinaweza kuuita mzigo uwezo.

Kwanza nieleze kipimo chenyewe. Kilizinduliwa mwaka wa 2012 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula (IFPRI), pamoja na watafiti wa umaskini wa Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la misaada la Marekani, USAID. Kabla ya kuzinduliwa kilijaribiwa katika nchi tatu: Bangladesh, Guatemala na Uganda. Kwa hiyo hatukizungumzii kitu cha mbali. Wanawake wa nchi yetu ni miongoni mwa wa kwanza kabisa kupimwa nacho.

Toleo la kwanza lina nyanja tano: uzalishaji, rasilimali, kipato, uongozi na muda. Ndani yake mna viashiria kumi. Kila nyanja ina uzito wa asilimia 20, na mwanamke anayefikia asilimia 80 au zaidi huhesabiwa kuwa amewezeshwa. Sehemu hii ya nyanja tano hubeba asilimia 90 ya fahirisi nzima. Asilimia 10 iliyobaki hutokana na kumlinganisha mwanamke na mwanamume wa kaya hiyohiyo.

Haki isemwe kabla ya lawama. Tafiti nyingi za kilimo zilizoea kumhoji mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya kwa kawaida alikuwa mume. Yeye ndiye aliyesema ekari ngapi zimelimwa, nani amelima, na fedha zimekwenda wapi. Fahirisi hii ilisisitiza kwamba mwanamke aulizwe mwenyewe, kwa maneno yake. Pia ilihesabu muda: mhojiwa huulizwa alichokifanya katika saa 24 zilizopita, kipande kwa kipande cha dakika 15, na anayefanya kazi zaidi ya saa 10 na nusu huhesabiwa kuwa amelemewa. Kuchota maji na kupika viliandikwa kama kazi katika fomu ileile inayotaja kahawa. Hilo si jambo dogo, na sitaki mtu anisome kana kwamba ninataka turudi kule tulikotoka.

Shaka yangu ilianza nyumbani. Kabla ya kutumwa vijijini tuliambiwa tufanye mazoezi na mtu tunayemfahamu. Nikaenda kwa shangazi yangu. Yeye analima kibanja, yaani shamba linalokaliwa na mpangaji juu ya ardhi ya mtu mwingine, kama ilivyo desturi ya Buganda tangu ardhi ya mailo ilipogawanywa kwa Mkataba wa 1900. Ana migomba, maharage, mihogo, kuku, mbuzi wawili, na kahawa ya robusta. Mumewe anaendesha bodaboda Kampala na huja nyumbani mara chache, hasa msimu wa kahawa.

Nilimuuliza, "Shangazi, nani huamua mtapanda nini msimu huu?"

"Mimi."

"Na mbegu, nani huamua zinunuliwe wapi?"

"Mimi."

"Na kibarua wa kupalilia?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesahau njia ya kisimani. "Mwanangu, sasa nani mwingine angeamua?"

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nikaandika: mwenyewe.

Jioni nilikaa nikajumlisha alama zake. Uzalishaji: kamili. Rasilimali: kamili, kwa kuwa mifugo aliitaja kuwa yao wote wawili, aliweza kuuza kuku na mbuzi, na alikuwa amekopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa na kuamua mwenyewe matumizi ya mkopo. Kipato: fedha za kahawa iliyokaushwa, ile tunayoiita kiboko, hupokewa na mumewe, lakini maharage na mayai ni yake, na hayo yalitosha kumpa alama. Uongozi: yumo kikundini, na haogopi kusimama mkutanoni. Muda: sifuri. Siku iliyotangulia alikuwa amefanya kazi saa 13 na ushei, na nilipomuuliza kama anaridhika na muda wake wa kupumzika alicheka tu, kisha akanipa alama mbili kati ya kumi.

Jumla yake ilikuwa asilimia 80 barabara. Shangazi yangu amewezeshwa.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo, nalo ni la hesabu. Kwa kuwa kila nyanja ina asilimia 20 na mstari umewekwa kwenye 80, mwanamke anaweza kukosa nyanja moja nzima na bado akavuka. Anaweza kukosa nyanja ya muda yote, akawa hapumziki kabisa, akahesabiwa kuwa amewezeshwa. Anaweza pia kukosa nyanja ya kipato yote, yaani asiwe na kauli yoyote juu ya fedha anazozitolea jasho, na bado akavuka mstari. Wahadhiri wetu wa takwimu watasema kila kipimo lazima kiwe na mstari mahali fulani. Nakubali. Lakini mstari huu umejengwa juu ya wazo kwamba upungufu katika nyanja moja unafidiwa na utoshelevu katika nyingine. Kwa mwanamke mkulima mara nyingi mambo si hivyo. Uamuzi aliopewa katika uzalishaji ndio unaomla muda wake. Kilichompa shangazi alama za juu na kilichomnyima usingizi ni kitu kimoja: kuwa peke yake.

Tatizo la pili ni la lugha, na hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema. Hojaji niliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza. Kila mmoja wetu aliifasiri kwa Kiganda papo hapo, amesimama uani, mhojiwa akiendelea kumenya ndizi. Neno la uamuzi kwa Kiganda ni okusalawo, lenye mzizi wa kukata. Kiswahili nacho husema kukata shauri. Lakini angalia kinachokatwa: shauri. Shauri hukaliwa kwanza, watu wakasikilizana, kisha likakatwa. Kukata shauri kunadai kwamba palikuwa na mengi ya kuchaguliwa. Mtu anayepanda maharage kwa sababu mvua imeanza, mbegu ni hizo zilizobaki na hakuna mwingine wa kuzipanda, hajakata shauri lolote. Amefanya linalowezekana. Naila Kabeer, katika makala yake ya mwaka wa 1999 ambayo wengi huinukuu, aliufafanua uwezeshaji kuwa ni kupanuka kwa uwezo wa mtu wa kufanya chaguo kuu za maisha pale ambapo hapo awali alinyimwa uwezo huo. Chaguo linahitaji njia mbadala. Fomu yetu iliuliza juu ya uamuzi ikasahau njia mbadala.

Neno "pamoja" lina hila zaidi. Miaka michache kabla ya mazoezi yetu, mume wa shangazi aliuza kipande cha kibanja, upande wenye kahawa changa. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inataka mwenzi atoe idhini kabla ya ardhi ya familia kuuzwa. Idhini ilitolewa. Shangazi aliitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, akakuta mnunuzi ameshakaa, karatasi imeshaandikwa na fedha zimeshahesabiwa. Akaweka dole gumba. Nilipomuuliza nani aliamua kuuza, alijibu, "Tuliamua pamoja. Dole langu liko pale." Sikujua kama anajitetea, anamsitiri mumewe, au ananisuta mimi. Labda yote matatu. Mke mwenye heshima zake hamwambii mtu mwenye fomu kwamba hakuulizwa. Katika orodha ya majibu "pamoja" ni neno moja, lakini kijijini ni pazia, na nyuma yake kuna mambo mengi.

Msomaji anayekijua kipimo hiki atanipinga, na ana hoja. Hojaji ina swali linalouliza, kama ungetaka, ungeweza kuamua kwa kiasi gani. Ina pia maswali yanayochunguza kama mtu anatenda kwa kuogopa lawama au kwa kuamini ni jambo jema. Zaidi ya hayo, waundaji wake hawakulala. Toleo la miradi, lililochapishwa mwaka wa 2019, lina viashiria 12 na limeongeza mambo kama heshima baina ya watu wa kaya, mtazamo juu ya kupigwa kwa wanawake, na uhuru wa kwenda mahali muhimu. Haya ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo, mstari wa toleo hilo ni asilimia 75, yaani viashiria 9 kati ya 12, na uzito wa kazi ni kiashiria kimoja tu. Mwanamke aliyelemewa bado anavuka. Na yale maswali ya hiari yanauliza kama mtu angeweza kuamua, si kama angeweza kuacha. Shangazi angejibu ndiyo kwa yote. Hakuna anayemzuia kuamua. Kasoro ni kwamba hakuna wa kumpokea.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, baada ya kila jibu la "mwenyewe" paulizwe: ukiacha, nani atalishika? Swali hili linatenganisha haki na mzigo kwa maneno machache. La pili, alama ya muda isifidiwe na nyingine. Ripoti iseme waziwazi ni wangapi kati ya waliovuka mstari wanafanya kazi zaidi ya saa 10 na nusu. La tatu, hojaji ifasiriwe mapema kwa lugha ya mahali, ijadiliwe na wanawake wenyewe, na "pamoja" igawanywe: tulishauriana, niliarifiwa, niliitwa kuweka dole. Kazi hii ya tafsiri isiachiwe kibarua aliyesimama uani. Ni kazi ya watu wa lugha, na tunaisomea.

Nilimpelekea shangazi matokeo yake. Nilimweleza kwamba kwa hesabu za wataalamu yeye amewezeshwa. Akaniuliza, "Na nani?" Nilikosa jibu. Neno letu lenyewe, kuwezeshwa, linadai awepo aliyewezesha, na katika maisha yake sikumwona. Kisha akanipa ndoo, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na maji yalikuwa hayajachotwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda vijijini nikajaza fomu kama nilivyofundishwa. Kila aliyesema "mimi" nilimwandikia "mwenyewe". Nilipomweleza msimamizi wangu shaka yangu, aliniambia niandike kilichomo kwenye orodha. Fomu hizo zimeshajumlishwa. Siwezi kuzirudisha, lakini naweza kusema hapa, mbele ya wenzangu watakaobeba fomu kama zile, kwamba baadhi ya wanawake niliowahesabu kuwa wana uwezo walikuwa wamechoka tu.